Uso wa Mama Élisabeth kwenye Karatasi

Toussaint aliirudisha picha ya mama yake ikiwa imefungwa ndani ya kitenge, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa asipigwe na upepo. Hakupita barabarani, alipita uchochoroni. Mama Victorine alipomwona akiinama chini ya kamba ya nguo, alielewa kwamba kijana huyu hakutaka majirani waone kazi ya Papa Barthélemy ikirudishwa. Hata viatu alivivulia nje, ingawa sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya saruji tupu.

"Mama, salamu. Papa iko?"

"Iko, mwanangu. Ingia. Pole na kilio."

"Asante, Mama."

Alikuwa bado amevaa gile, kizibao cha kazi cha bandarini, juu ya shati. Alitoka kazini moja kwa moja, maana mama yake, Élisabeth, alikuwa anazikwa kesho yake asubuhi, na wakubwa wake walimpa ruhusa kuanzia saa ile tu.

Sebule ya Papa Barthélemy ndiyo ilikuwa studio. Ukutani kulikuwa na shuka jeupe la kupigia picha za vitambulisho, na mezani kompyuta na printa kubwa. Tangu enzi za filamu, mume huyu wa Victorine alikuwa amewapiga picha watu wa reli, watu wa bandari, maharusi na watoto wa komunyo. Ukiingia nyumba yoyote Kalemie yenye picha ukutani, usishangae kukuta jina lake nyuma ya fremu.

Sasa alikuwa ameketi mbele ya skrini, na juu ya skrini ilining'inia sonde, kidude cheusi kinachotoshea kiganjani, ambacho binti yao Laure aliwatumia kutoka Lubumbashi. Kazi ya sonde ni kuitazama skrini. Inasoma rangi moja baada ya nyingine, kisha inaisahihisha kompyuta mpaka rangi zikae kweli. Papa Barthélemy aliipenda kuliko redio yake. "Muntu anaweza kukudanganya," alikuwa akisema, "sonde haina rafiki wala adui."

Toussaint alifungua kitenge taratibu. "Papa, usikasirike. Wamama wanasema huyu si ye."

"Si ye namna gani?"

"Mama mukubwa aliuliza, huyu mwanamuke aliyechemshwa ni nani. Mwingine akasema tumeweka Muzungu aliyelala juani." Akameza mate. "Watu walicheka, Papa. Kwenye kilio cha mama yangu, watu walicheka."

Jambo hilo halikuwa dogo. Kwa ukoo wa Toussaint, picha ya marehemu huwekwa kichwani mwa mkeka ambapo wanawake wameketi. Kila anayefika hupiga magoti mbele yake, humsalimu kwa jina, hujitaja mwenyewe na mahali alikotoka, ndipo analia. Asubuhi ya mazishi picha hutangulia jeneza. Ukiweka sura isiyo yake, wanawake watamlilia nani?

Papa Barthélemy aliichukua picha, akaisogeza dirishani penye mwanga, karibu na skrini. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akafanya hivyo tena na tena, kwa uvumilivu aliokuwa nao sikuzote.

"Iko sawa," alisema, akigusa skrini. "Angalia ekra, angalia karatasi. Ni muntu mumoja."

Victorine alisimama nyuma yake akiwa na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Kwenye skrini Mama Élisabeth alikuwa mwenyewe kabisa, rangi ya karanga iliyokaangwa ikaiva, na mwanga kidogo kwenye paji la uso. Kwenye karatasi alikuwa tofali lililotolewa tanurini.

Haikuwa mara ya kwanza. Picha za wiki kadhaa sasa zilikuwa zinatoka hivyo. Watu walikuwa na adabu, walishukuru, wakachukua, kisha wengine hawakurudi tena. Papa Barthélemy alilaumu wino, akalaumu karatasi za kutoka Kigoma zilizonyonya unyevu ndani ya boti, akalaumu umeme unaokatika. Kila mara alitundika sonde, na kila mara sonde ilimjibu kwamba skrini haina kosa. Basi kama skrini haina kosa na karatasi inaonekana imepauka, ni karatasi ndiyo inayokosa nyekundu. Akawa anaiongezea nyekundu kwenye mipangilio ya printa. Kesho yake tena akaongeza.

Victorine aliona, akanyamaza. Kifua kikuu kilikuwa kimemrudia mume wake mara ya pili, na safari hii dawa zilikuwa za muda mrefu kuliko za kwanza. Alizimeza kila asubuhi nyuma ya pazia, wateja wasimwone. Siku hizi ndiyo kwanza kikohozi kimekata, na ameanza kuomba aongezewe ugali. Mtu aliyeanza kuomba ugali, utamwambiaje kwamba kazi ya mikono yake imeharibika?

Lakini leo kulikuwa na mama wa mtu.

"Papa Laure," alisema, "karatasi ni nyekundu."

"Nyekundu wapi?"

"Uso muzima."

Mume wake akacheka kidogo. "Mama Laure, wewe ni bingwa wa kuchagua samaki wa ndagala. Foto uniachie mimi."

Toussaint alidhani anasaidia. "Mama anasema kweli, Papa. Ni nyekundu. Inakaribia hii gile yangu."

Papa Barthélemy akaitupia jicho ile gile. "Gile yako? Hiyo ni ya udongo. Tena udongo wa kijivu."

Gile ilikuwa mpya, nyekundu kama pilipili iliyoiva, na mikunjo ya dukani ilikuwa bado mgongoni.

Toussaint alimtazama Victorine, kisha akaivuta gile kwa vidole viwili, akaikagua kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. "Ni kweli, Papa," alisema. "Imepauka. Jua la bandari limeikula."

Victorine aliusikia ule uongo, akatamani kumshika kijana yule mkono. Ana maiti nyumbani, amechekwa na ukoo wake, na bado amepata nafasi moyoni ya kumsitiri mzee asiye baba yake.

Ila Papa Barthélemy alikuwa ameishi kwa kusoma nyuso. Alijua uso unaoficha kitu. Aligeuka kwa mke wake.

"Mama Laure. Ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Namna gani?"

"Kama pilipili, Papa Laure. Ni mupya."

Alirudi kuketi. Akaitoa sonde juu ya skrini, akaizungusha mkononi, akaiweka mezani ikiwa imelala kifudifudi.

"Papa," Toussaint alisema, "kama haiwezekani, tutaweka kadi yake ya kura. Ni kadogo, lakini watu watasogea."

"Rudi jioni," Papa Barthélemy alisema. "Utakuta foto."

*

Kwenye kituo cha afya, wagonjwa wa kifua walipitia mlango wa nyuma. Muganga Damien, muuguzi wa pale, ndiye aliyeanzisha hivyo, ili wasikodolewe macho na watu wa malaria. Alikuwa kijana mwembamba, na kila alipomwita mgonjwa aliinuka kwenda kumpokea, hakupaza sauti.

Alimsimamisha Papa Barthélemy mbele ya kibao cha herufi. Mistari mikubwa ilipita. Iliyofuata haikupita. Kisha akachukua vifuniko vya chupa kutoka kwenye kopo, akavimwaga mezani.

"Papa, nitolee vyekundu."

Victorine aliangalia mikono ya mume wake, mikono iliyozoea kushika pembe za picha isiache alama. Ilisogea juu ya vifuniko, ikasimama, ikachukua kimoja. Ilichukua cha pili, kisha cha tatu. Cha kwanza kilikuwa chekundu. Cha pili kilikuwa cha kijani, na cha tatu pia. Muganga Damien hakumsahihisha. Alivikusanya vyote kana kwamba mchezo umekwisha, akaketi karibu naye, si ng'ambo ya meza.

"Ilianza lini?"

"Foto zilianza kukataa baada ya mvua kubwa."

"Papa, kila mwezi nilikuuliza macho. Mwezi huu uliopita pia nilikuuliza."

"Uliniuliza macho," Papa Barthélemy alisema. "Macho hayakuwa na neno. Ni printa njo ilikuwa na neno."

Muganga aliinamisha kichwa. Mtu mwingine, mvuvi au muuza unga, angeona dunia inabadilika rangi akasema naumwa. Huyu alikuwa na chombo cha kupima rangi, na chombo kilipomwambia skrini ni nzima, alitafuta ugonjwa kwenye wino, kwenye karatasi, kwenye umeme wa mji mzima. Mahali pamoja tu hakutafuta.

"Kati ya dawa zako kuna moja inayoweza kugusa mshipa wa jicho," Muganga Damien alisema. "Si kwa kila muntu. Ni wachache. Nitamupigia daktari sasa hivi, hiyo moja tuikate. Zile zingine usiziache, Papa, hata siku moja. Ukiziacha, kifua kitarudi na hakitakuuliza foto."

"Na macho?"

"Kwa wengi yanarudi. Polepole, kwa miezi."

"Na kwa wengine?"

Muganga alipima maneno yake, na Victorine alimshukuru moyoni kwa kutokukimbilia uongo. "Kwa wengine yanarudi nusu. Kwa wengine yanabaki hivyo. Ungekuja mapema, ningekuwa na maneno mazuri zaidi."

"Muganga," Victorine alisema, "mimi niliona foto ni nyekundu. Niliona tangu zamani. Nilinyamaza."

"Mama, hukujua."

"Sikujua. Lakini niliona."

Muganga aliwasindikiza mpaka mlango wa nyuma, akamshika Papa Barthélemy kiwiko penye ngazi, kisha akakumbuka kwamba asichoona mzee ni rangi tu, ngazi anaziona, akamwachia kwa aibu ndogo.

*

Walipofika nyumbani, Papa Barthélemy alifungua mipangilio ya printa, akaiondoa nyekundu yote aliyokuwa ameiongeza. Akachapisha. Karatasi ilitoka polepole, paji la uso kwanza, kisha macho.

"Niambie."

"Si nyekundu tena," Victorine alisema. "Lakini ni kama muntu aliyeota kuvu."

Ndivyo karatasi zile zilivyokuwa tangu mwanzo. Zilihitaji nyekundu kidogo kweli, kiasi cha chumvi ya kuonja, na zamani alikuwa akikitia bila kufikiri. Sasa alishika kipanya akangoja, kama dereva aliyefungwa kitambaa usoni.

"Inakosa nini?"

"Sijui kusema, Papa Laure. Maneno ya foto sina."

"Sema ya jikoni."

Victorine alitazama skrini. Alitazama karatasi. "Ekra ni chai ya asubuhi, isiyo na maziwa. Karatasi ni chai ya jana."

Mume wake aliitikia kwa kichwa, akasogeza kitu kidogo, akachapisha kipande chembamba cha shavu peke yake. "Na hii?"

"Chai ya leo. Lakini majani yamezidi."

"Na chini ya jicho, kwenye kivuli?"

"Kwenye kivuli pako sawa. Nafikiri pako sawa."

"Usifikiri. Angalia."

Aliangalia mpaka macho yakamtoka machozi, na hakujua kama ni ya kuchoka au ni ya kitu kingine. Alikuwa akijua tofauti, lakini hakujua dawa yake. Mume wake alijua dawa, lakini tofauti haioni. Wakiwa wawili hawakutimia hata mtu mmoja wa zamani. Vipande vya mashavu ya Mama Élisabeth vilijaa mezani, na karatasi kubwa iliyobaki ilikuwa ya mwisho.

Papa Barthélemy aliitia. Printa ikaguna, ikaanza.

"Sawasawa?" aliuliza ilipoisha. Hakuitazama. Alitazama uso wa mke wake.

"Si sawasawa. Karibu."

"Karibu ya karibu, ao karibu ya mbali?"

"Karibu ya kutosha kulia mbele yake."

Toussaint alipokuja aliitazama kwa muda mrefu. Hakusifu. Aliifunga katika kitenge kilekile, akasema, "Papa, Mama, mutakuja kesho. Mutakaa na sisi, si na wageni."

*

Walikwenda. Picha ilikuwa kichwani mwa mkeka, imeegemezwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Bibi mmoja aliyefika asubuhi ile kutoka Mpala kwa boti, sketi yake bado ina maji ya ziwa kwenye upindo, alipiga magoti. "Élisabeth, ndugu yangu, ni mie Micheline, wa kwa baba mudogo. Nimechelewa. Mawimbi yalitukatalia." Kisha akalia, na wengine wakamfuata, na hakuna aliyecheka.

Victorine alimtafuta mume wake kati ya wanaume. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mikono magotini. Mama mkubwa wa Toussaint, yule yule aliyesema mwanamke amechemshwa, alimfuata mpaka pale, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Papa, tulikukosea kwa maneno. Leo umetuletea mutu wetu. Wewe uko na macho ya kweli."

"Asante, Mama," alisema Papa Barthélemy.

"Hapana, kweli. Vijana wa sasa hawana macho haya."

"Asante."

Mama yule alitaka kumpa heshima, akaongeza tena na tena. Kila neno lilimwinamisha kidogo, mpaka Toussaint aliyekuwa anapanga wabebaji akaona, akaja kumwomba mama yake mkubwa aende kutazama maji ya kunawa. Maji ya kunawa yalikuwepo tele.

Njiani kurudi, Papa Barthélemy alitembea taratibu kando ya mke wake. Walipofika penye kivuli alisimama.

"Yule kijana alinidanganya juu ya gile."

"Alikuhurumia."

"Najua. Ni mutoto muzuri. Lakini wewe, Mama Laure, usinihurumie hivyo. Nikikuuliza, uniambie. Nikianza kuhurumiwa na wewe, nitajua wapi kama macho yamerudi?"

Akamwahidi. Ahadi ni nyepesi kutoa ukiwa umesimama kivulini.

*

Laure alipiga simu kutoka Lubumbashi akilia. Alikuwa amemwona daktari wa macho wa huko, akamweleza yote. Daktari alisema dawa ile ilishakatwa, na hilo ndilo lililokuwa la kufanya. Papa akija atapimwa vizuri zaidi, lakini akija asije, kinachobaki ni kungoja. "Papa, ungoje tu," Laure alisema, na baba yake ndiye aliyembembeleza.

Wakangoja. Aliendelea kumeza dawa zilizobaki, sasa bila pazia. Picha za vitambulisho walizifanya pamoja, yeye kwenye kipanya, Victorine kwenye chai yake ya asubuhi na chai ya jana. Nyingine zilikubali, nyingine zilikataa, na hawakujua kwa nini. Mama Claudine, ambaye binti yake Keren alikuwa anaolewa, alikuja kueleza kwamba arusi wamempa mpiga picha mwingine, wa karibu na kanisa. Angeweza kunyamaza tu. Alikuja mwenyewe, akaketi, akanywa maji, akauliza habari za kifua. Victorine alimsindikiza mbali kuliko desturi.

Muganga Damien alimwaga vifuniko mezani mwezi wa kwanza. Akavimwaga mwezi uliofuata. Mistari ya herufi iliongezeka mmoja, na wote watatu walifurahi. Vifuniko vilibaki vilevile.

Asubuhi moja baada ya mvua, wazee hawa wawili walikuwa wameketi mlangoni. Mwanga ulikuwa safi, ule ambao zamani Papa Barthélemy angeuchukulia kamera. Wanawake wa ndagala walikuwa wanapanda kutoka ziwani na mabeseni kichwani, wakiitana na kutaniana juu ya mwenzao aliyeteleza matopeni.

Papa Barthélemy alinyoosha shingo. Mkono wake ukamshika Victorine goti.

"Mama Laure. Yule wa mbele. Beseni lake." Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu aliyeona ndege na hataki aruke. "Ni jekundu."

Victorine alitazama. Mwanamke wa mbele alikuwa anakaribia, maji ya samaki yanamdondokea begani, na alipowaona wazee aliinua mkono kuwasalimu bila kushika beseni. Victorine alimpungia. Alimwacha apite. Alimwacha afike mpaka konani, na mkono ulikuwa bado gotini kwake, mwepesi, unangoja.

"Ni la kijani, Papa Laure."

Hakuuondoa mkono. Alitazama kona ile ambapo mwanamke alikuwa amepotelea, akaitazama muda mrefu.

"Asante," alisema.

Wengine walikuwa bado wanapanda, na mabeseni yao.